Kufundisha wanafunzi kuhusu kuhama kwa kushirikiana na shule ya nje, tulivyofanya sisi kuanzia Tengeru

Walimu wenzangu habari za kazi. Nimeulizwa na watu kadhaa tunafanyaje hii kitu kwahiyo naandika yote mara moja, anayetaka achukue, anayetaka kubadilisha abadilishe. Mi nafundisha historia na jiografia sekondari huku upande wa Meru, Arusha, na kwa miaka minne sasa darasa langu linafanya kazi pamoja na darasa la shule moja ya mji mdogo kusini mwa Poland, mada yetu ni moja tu, watu kuhama. Watoto wao na wetu wanajibu maswali yaleyale, wanatumiana voisi, wanachora ramani, na mara chache sana wanaonana kwa macho.

Kitu cha kwanza kabisa: usianze kwa kutafuta shule, anza kwa kutafuta njia ambayo watu walishapita kati ya kwenu na huko kwingine. Sisi Poland hatukuichagua kwa bahati nasibu. Pale Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi kama 150 ya Wapoland, na wanafunzi wangu wengi wanapita barabara ile kila siku hawajui kama yapo. Februari 1940 Warusi (Umoja wa Kisovieti wa wakati ule) walianza kuwabeba Wapoland wa mashariki ya nchi yao kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan, familia nzima nzima, alafu Ujerumani ilipoivamia Urusi mwaka 1941 yakafanyika makubaliano wakaachiwa, 1942 wakavuka bahari ya Kaspi kuingia Iran, wengine wakapitishwa India, wakapanda meli hadi Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Kutoka hapo wakaletwa Tengeru, karibu watu 5,000, wengi wao kina mama na watoto manake wanaume walikuwa jeshini au walishakufa njiani. Wakakaa kwenye nyumba za duara za kuezeka kwa nyasi karibu na ziwa Duluti, wakawa na shule zao, hospitali na mashamba. Walikuwepo pia Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro, na Uganda kule Masindi na Koja.

Ukimwambia mtoto wa kidato cha pili kwamba Tanganyika ilipokea wakimbizi kutoka Ulaya anakuangalia kwanza kama unamdanganya. Hapo ndo somo linaanza lenyewe, hujaongea hata neno moja la nadharia.

Kwahiyo tafuta ya kwenu. Ukiwa Kigoma usisumbuke na Ulaya kabisa, una Burundi na Kongo mlangoni, na kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na kuna wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Zanzibar una Oman, njia ya karne nyingi na watu wanaenda na kurudi mpaka leo. Tanga una mkonge, una watu wa Msumbiji na Burundi waliokuja kufanya kazi. Morogoro una Mazimbu, shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Shule ya nje si lazima iwe ya wazungu, na kwa kweli ya jirani inaweza kuwa bora kuliko ya mbali manake nauli ya basi tu mmeonana.

Sasa kupata shule yenyewe. Andika barua wewe mwalimu kwa mwalimu, usipitie kwa mtu anayegawa misaada. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Shule ya kwanza tuliyoungana nayo, siyo hii ya Poland, barua yao ya pili ilisema mnahitaji nini tuwatumie, na mi kwa kutojua nikawaachia wanafunzi waandike orodha, wakaandika mipira, kalamu, kompyuta, na kuanzia siku hiyo mazungumzo yote yakawa ni shukrani na kuomba. Hamna mtoto wa kule aliyeulizwa kitu chochote kuhusu kwao. Mwaka ukaisha hatujajifunza chochote. Tulipoanza na hawa wa sasa mi na mwalimu mwenzangu wa kule tuliandikiana kanuni moja kabla ya yote: swali lolote likiulizwa upande mmoja linajibiwa pande zote mbili, na hakuna vitu vinavyotumwa zaidi ya barua, picha na sauti. Ikitokea baadaye watu wazima wanataka kuchangia maktaba, hilo wazungumze wao kwa wao, watoto wasihusishwe.

Karatasi za ruhusa zishughulikie mapema. Mkuu wa shule aandike kwa afisa elimu wa halmashauri, wazazi wasaini fomu ya Kiswahili inayoeleweka (mzazi ajue sauti ya mwanae itasikika nchi gani na nani atahifadhi). Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na wenzetu wa Ulaya wana ya kwao kali zaidi, kwahiyo sisi tunatumia jina la kwanza tu, hakuna sura ya mtoto inayowekwa mtandaoni, na rekodi zote zinakaa kwenye flashi mbili, moja kwetu moja kwao. Na usitafute kipindi cha ziada, mada inaingia vizuri kwenye jiografia ya idadi ya watu, na kwenye Historia ya Tanzania na Maadili pia.

Wiki ya kwanza sisi hatuongei na mtu yeyote wa nje. Tunakaa na maneno. Naandika ubaoni kuhama, kuhamia, kuhamishwa, kukimbia, kuzamia, kulowea, alafu nawaambia kila kikundi kichukue neno moja kitafute mtu wa kweli wa mtaani anayelingana nalo. Ona ile "-ishwa" kwenye kuhamishwa, mtoto akiielewa ameelewa kwamba kuna aliyemhamisha, na swali linalofuata ni nani. Kulowea wengi hawalijui, ila mlowezi wanalijua kwenye historia, wakiunganisha utasikia "aaah". Kuzamia hapo kelele zinaanza, kila mmoja ana mjomba aliyezamia meli au anamjua aliyezamia Sauzi. Waache waongee. Wenzetu wa Poland nao wiki hiyohiyo wanafanya ya kwao, wana neno la mkimbizi, wana neno la anayeondoka kutafuta maisha, na wana neno Polonia ambalo ni Wapoland wote walio nje ya nchi, Chicago wamejaa tele. Tunabadilishana orodha, na kila upande unaona neno ambalo mwenzake analo yeye hana. Sisi hatukuwa na neno kama Polonia, tukabaki na diaspora la kukopa, wanafunzi wakabishana kipindi kizima kama tutengeneze letu.

Wiki ya pili mahojiano nyumbani, na hapa naomba usome taratibu manake ndo sehemu nilikosea vibaya zaidi. Mwaka wa kwanza niliingia darasani nikauliza, jamani humu nani familia yake ni wakimbizi? Kijana mmoja ambaye baba yake alitokea Kongo aliinamisha kichwa, hakunyoosha mkono, na wiki iliyofuata akaacha kuja kwenye kikundi. Nilienda kwao kumwomba radhi, mama yake akaniambia, "Mwalimu, sisi tumeshachoka kuwa mfano." Hiyo sentensi ndo ilibadilisha mradi wote.

Tangu hapo hatuulizi nani mkimbizi. Kila mtoto, wote bila kubakiza, awe Mmeru wa hapahapa au Mpoland wa kulekule, anapeleka nyumbani maswali manne: nani wa kwanza kwenye familia yenu kufika mnapoishi sasa, alitoka wapi, alibeba nini, na nani alimpokea. Bas. Asiyetaka kusema ya kwao anaruhusiwa kwenda kumuuliza jirani na haelezi kwanini. Mtoto aanze kwa shikamoo na akae chini, asitoe simu usoni mwa bibi yake, aandike kwanza, kurekodi ni mpaka bibi mwenyewe akubali. Na lugha iwe ya nyumbani, Kimeru, Kichaga, Kiswahili, chochote, tafsiri itakuja baadaye.

Swali la nne ndo lenye utajiri kuliko yote. Watoto wakirudi unasikia majina ya watu ambao hawapo kwenye kitabu chochote, balozi wa nyumba kumi aliyempa baba chumba, mama ntilie aliyemkopesha chakula mwezi mzima, padri, mwenye shamba, shangazi aliyeolewa huku. Binti mmoja alileta habari ya babu mzaa mama aliyetoka Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga, manamba, waliitwa hivo kwa sababu kila mtu alipewa namba, na alikuja na nakala ya kipande chake, ile kadi yenye vyumba 30 vya kuhesabia siku za kazi. Vyumba vingine vilikuwa vitupu. Darasa likauliza kwanini, binti akasema babu alikuwa na homa, na siku ya homa haihesabiwi. Tuliituma picha ya kadi ile Poland na kwa mara ya kwanza wenzetu waliuliza maswali zaidi ya kumi kwa siku moja.

Wiki ya tatu mnatengeneza ramani ya nyuzi. Chukua boksi la friji au kabati, lifungue libaki bapa, chora ramani kwa mkono, pini na uzi wa fundi cherehani, kila mwanafunzi anavuta uzi wake kutoka alikotoka yule mtu wa kwanza hadi hapa. Mwaka wa kwanza nikawaambia uzi mwekundu kwa waliolazimishwa na wa kijani kwa waliotaka wenyewe. Ikashindikana, na kushindikana kwake ndo lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Yule babu wa manamba alitaka mwenyewe? Alienda kwa miguu yake, ndio, lakini kulikuwa na kodi ya kichwa ya kulipa kwa hela na Kigoma hakukuwa na mahali pa kuipata hela hiyo. Mchaga aliyeshuka mlimani kwa sababu kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa mpaka kimeisha, rangi gani? Msukuma aliyehama na ng'ombe hadi Rukwa? Bibi aliyehamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa kisha akapapenda huko huko akakataa kurudi? Wakaanza kusokota nyuzi mbili pamoja, nyekundu na kijani, na mimi sikuwaambia wafanye hivo. Wapoland nao walikwama palepale, wana wazazi na wajomba walioenda Uingereza na Ireland baada ya nchi yao kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, wengine wanasema walitaka, wengine wanasema kiwanda kilifungwa ungefanyaje.

Usiwape jibu hapo. Waache na nyuzi zao zilizosokotwa.

Kuhusu kuongea moja kwa moja kwenye skrini, hilo liwe jambo dogo kuliko unavyofikiria. Mara mbili au tatu kwa muhula inatosha. Voisi zinafanya kazi kubwa zaidi, zinakula bando kidogo, na mtoto anapata muda wa kujipanga. Wetu hawaruhusiwi simu shuleni kwahiyo voisi zinarekodiwa kwenye simu yangu baada ya vipindi, wawili wawili, na mimi nazituma kwa mwalimu wa kule, watoto hawapeani namba. Kingereza kwa wote ni cha kukopa, na hiyo ni faida kubwa sana, hamna upande unaomsahihisha mwenzake.

Saa ni tatizo la kweli. Poland iko nyuma yetu masaa mawili kipindi cha baridi na lisaa limoja kipindi cha joto, wanasogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwahiyo ukipanga kikao mwanzoni mwa Aprili hakiki upya. Alafu kuna saa zetu za Kiswahili. Kikao chetu cha kwanza niliandika saa 8, mi nikimaanisha saa nane mchana, mwenzangu akawaweka watoto kwenye viti saa mbili yao asubuhi wakasubiri mpaka kipindi kikaisha. Sikuhizi tunaandika 14:00 Tanzania, 12:00 Poland, zote mbili kila mara. Na angalia kalenda, wao wanafunga shule mwishoni mwa Juni na kufungua Septemba, sisi tuna likizo ya Juni na Desemba na mitihani ya Novemba, kwahiyo miezi mizuri ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Oktoba. Umeme ukikatika kuwe na mpango: maswali yao yawe yamechapwa kwenye karatasi tayari, darasa liendelee.

Siku ya kwenda Tengeru tunaenda kwa mguu, tukiwa na kibali cha chuo na tumeshamtaarifu anayetunza makaburi. Kila wanafunzi wawili wanapewa kaburi moja tu. Wananakili kila herufi hata zile zenye vistari na nukta, hawagusi jiwe, hawakai juu yake, na wakimaliza wanasimama kimya dakika moja. Mwaka huu vijana waliona herufi Ś.P. kwenye jiwe la kwanza, wakadhani ni kifupi cha jina la mtu, alafu wakaiona jiwe la pili, la tatu, wakaja kuniuliza, mi pia nilikuwa sijui. Tukatuma voisi. Jibu lilikuja jioni kutoka kwa msichana wa kule, akaeleza ni maneno yanayowekwa mbele ya jina la aliyekufa, kama kusema wa kumbukumbu takatifu. Kijana mmoja akasema, "Kumbe ni marehemu." Ndio, ni marehemu. Nikamwambia amtumie mwenzake maana ya marehemu, aliyerehemiwa, akatuma, na neno hilo wameliweka kwenye orodha yao ukutani.

Kuna kaburi moja dogo, la mtoto ambaye hakufikisha miaka miwili. Binti aliyepewa kaburi lile alipiga hesabu ya miaka akaniuliza, "Mwalimu, huyu kazaliwa hukuhuku. Sasa ni wa wapi?" Sikumjibu, nikamwambia liandike hivohivo ulipeleke. Lile swali tumelijadili na wenzetu kwa wiki mbili, na wao wakalirudisha kwetu wakiuliza kuhusu watoto waliozaliwa Nyarugusu, ambao wengine sahivi ni watu wazima na hawajawahi kuiona Kongo.

Na ndo ilivyokuja habari ya Ukraine. Kuanzia Februari 2022 mamilioni ya watu walivuka kuingia Poland, na darasa la wenzetu lina watoto watatu waliotokea huko. Hatukuwaomba waseme chochote. Kwenye zoezi la vitu vilivyobebwa, kila mtoto wa pande zote analeta kitu kimoja kilichohama na familia, wetu mmoja alileta kibuyu cha maziwa, mwingine mwichi uliotoka Singida, mmoja wa Poland alileta beseni la bati la bibi yake. Msichana mmoja wa Ukraine akaamua mwenyewe, akaonyesha kijiko cha plastiki cha kupimia dawa ya kikohozi ya mdogo wake, akasema mama alikiweka mfukoni asubuhi ile na chupa ya dawa ikasahaulika. Darasa letu lilinyamaza. Alafu yule kijana wangu wa Kongo, aliyekuwa amerudi kwenye kikundi bila kuitwa, akaomba aongee, akasema kwao walibeba sufuria na mfuniko wa sufuria nyingine. Wakacheka wote wawili. Mimi na mwalimu mwenzangu hatukusema kitu na nakushauri ikitokea kwako na wewe nyamaza.

Mwisho wa wale Wapoland wa Tengeru usiuruke, manake watoto wataulizia walienda wapi. Wengi hawakurudi kwao kwa sababu vijiji vyao vilikuwa vimeingia Umoja wa Kisovieti, wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia, na mwaka 1949 kundi la watoto yatima zaidi ya 100 wakapelekwa Kanada kupitia Italia. Mi hapo nawapa kazi ya kuandika: wewe ni mtoto wa miaka 12, umekaa Tengeru miaka saba, unaongea Kiswahili, unaambiwa kesho ni meli, unabeba nini na unamuaga nani.

Kuhusu kusafiri. Watu wanadhani bila kusafiri mradi haujakamilika, si kweli, sisi tulikaa miaka mitatu bila safari. Ila mkifika hapo, igeuze viza iwe kipindi cha darasa. Chapisha fomu ya Mpoland anayekuja Tanzania na fomu ya Mtanzania anayeenda Poland, ziweke mezani pamoja, watoto wa pande zote wahesabu kurasa, viambatanisho na hela. Mpoland anaomba onlaini kwa dola 50. Wetu kwanza pasi ya kusafiria shilingi 150,000, alafu bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, barua ya mwaliko, ushahidi wa hela, ridhaa ya wazazi wote. Wapoland ndo walioshtuka zaidi, mmoja akauliza mbona babu zetu Tengeru walipokelewa bila hata pasipoti.

Kitu ambacho wengi hawakijui: ada ya viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Poland ikiwemo), ambayo kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hawatozwi wanafunzi wala walimu wanaowasindikiza kama safari ni ya masomo au mafunzo, ila kampuni inayopokea maombi inaweza kutoza ya kwake, kwahiyo barua ya shule itamke wazi kwamba ni safari ya kielimu. Omba miezi mitatu au minne kabla. Na waambie wazazi mapema kwamba mtoto mmoja anaweza kunyimwa wengine wakapewa, mkubaliane kabla ya kujaza fomu mtafanya nini ikitokea. Sisi tulikubaliana kwamba akinyimwa mmoja haendi mtu, wenzetu waje. Ikatokea, na walikuja wao, kumi na mbili, na waliingia darasani wakasema shikamoo mwalimu wote kwa pamoja, walikuwa wameifanyia mazoezi kwenye ndege.

Kupima kama wameelewa situmii mtihani. Mwanzo wa mradi kila mmoja anaandika nusu ukurasa "mtu anayehama ni nani", naifungia kabatini, mwisho wanaandika tena kisha nawarudishia ile ya kwanza wasome wenyewe. Ya kwanza karibu zote zinasema "wao". Nahesabu tu ngapi za pili zinasema "sisi", namtumia idadi mwalimu mwenzangu naye ananitumia yake. Ramani ya boksi usiitupe, ikunje uwaachie kidato kinachofuata, nao waongeze nyuzi zao juu ya zile za zamani. Yetu sahivi ina nyuzi za miaka minne na pini imebidi ninunue boksi jingine.